Taa nyekundu ya oili inawaka gari ikiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta: kabla hujanunua sensa nyingine, pima presha

Swali: "Fundi shikamoo. Nipo Morogoro, natumia Toyota IST ya 2004, cc 1300. Nikitoka safari ndefu, mfano Dodoma, nikiingia mjini kwenye foleni ile taa nyekundu yenye picha ya birika inaanza kuwaka, nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Asubuhi gari ikiwa ya baridi haiwaki kabisa. Oili ipo ya kutosha, nimeangalia mwenyewe. Fundi wa kwanza alibadili sensa ya presha ya oili na oili yenyewe, taa ikapotea siku nne ikarudi. Wa pili kachomeka mashine ya dayagnosisi, kasema injini haina kosa lolote, sensa niliyowekewa ni feki nitafute orijino. Wa tatu anasema injini imekwisha, ninunue nyingine ya mtumba. Miezi miwili nyuma walifungua sampo, lile karai la oili chini ya injini, maana ilikua inavuja. Nimsikilize nani?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa kuzungushwa. Kwa sasa usimsikilize yeyote, maana katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyepima presha. Mmoja kabadili kinachotoa taarifa, mwingine kasoma mashine isiyoweza kujua, wa tatu kahukumu injini kwa kuiangalia. Presha ya oili inapimwa kwa geji ya mkono, ile yenye mpira na mshale, inafungwa kwenye tundu hilohilo la sensa, kazi ya nusu saa mpaka saa moja, na mpaka ifanyike kila utakachoambiwa ni kubahatisha kwa pesa yako.

Na kabla sijaendelea naomba sana, usisafiri na hiyo gari. Ikibidi isogee hapo mtaani kupelekwa gereji sawa, ila taa ikiwaka na ikakaa weka pembeni uzime, usiseme ngoja nifike pale mbele. Nitakwambia kwanini.

Hicho kitu tunachokiita sensa kwenye IST kwa kweli ni swichi tu. Waya mmoja, ndani kuna kiwambo na springi. Presha ikiwa haipo swichi inagusanisha ule waya na bodi ya injini, taa inawaka, presha ikipanda inasukuma kiwambo, mguso unaachia, taa inazima. Haipimi presha ni ngapi, inajua ipo au haipo basi. Na kwa swichi nyingi za aina hii kile kiwango cha kuwasha taa ni kidogo mno, kati ya psi 3 na 7 hivi. Sasa fikiria, tairi lako lina psi 30 na kitu, hiyo taa inasubiri mpaka presha ya oili iwe imeshuka karibu na sifuri ndio iseme. Kwa hiyo wanaosema "inawaka sailensi tu, ukikanyaga inazima, haina shida" wanakosea vibaya. Ukiwa spidi 100 barabarani injini inahitaji presha kubwa zaidi, inaweza kuwa inapata nusu ya inayohitaji na taa imezima kabisa, kwa sababu hiyo nusu bado ni kubwa kuliko zile psi 7. Taa kuzima ukikanyaga haimaanishi injini inashiba oili.

Hapohapo ujue pia hiyo taa sio ya kiasi cha oili. Watu wengi wanasubiri iwake ndio waongeze. Kiasi unakijua kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na oili ikipungua mpaka taa hii ikawaka (mara nyingi inaanza kuwakawaka kwenye kona au ukishika breki kwa nguvu, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa) ujue ulishachelewa siku nyingi.

Nije kwa yule wa pili na mashine yake. Kwenye magari mapya yenye sensa ya kweli ya waya tatu, moja inaleta volti 5, moja ni erthi, moja inapeleka taarifa kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa volti inayopanda na kushuka, hapo ndio utaona kodi, yaani namba za makosa, za P0520 mpaka P0524 na presha yenyewe unaisoma kwenye skrini kama namba. Ya kwako waya wake mmoja unakwenda kuwasha taa na kazi imeishia hapo, hakuna kodi itakayoandikwa hata presha ikiwa sifuri. Mashine kusema hakuna kosa kwenye gari kama yako ni sawa na kumuuliza mtu ambaye hakuwepo. Kitu pekee ambacho mashine ingeweza kusaidia ni kodi za VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, maana ule mfumo unaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo, ikiwa dhaifu au njia zina tope utaona mara nyingine P0011, ila zisipokuwepo hujathibitisha chochote.

Na zile siku nne ndio zilizokudanganya wewe na fundi wa kwanza. Kwanza alibadili na oili, oili mpya ni nzito kidogo kuliko iliyochoka kwa hiyo presha ya sailensi ilipanda kidogo. Pili swichi hazifanani, moja inawasha taa kwenye psi 6 nyingine kwenye 4, ukiweka yenye kiwango cha chini taa inachelewa kuwaka japo presha ni ileile mbovu. Tatu, nakuuliza wewe, hizo siku nne ulisafiri? Nahisi ulikua unazunguka mjini tu, kazini na nyumbani, oili haijapata moto ule wa kutoka Dodoma. Oili ikipata moto inakua nyepesi, na gari ikiwa sailensi pampu inazunguka taratibu kwa sababu kwenye injini yako imekaa mbele palepale ikizungushwa na krenki (shafti kuu ya injini) moja kwa moja. Oili nyepesi na pampu ya polepole, hapo ndio mahali presha inakua ya chini kuliko wakati wowote mwingine, ndio maana ugonjwa wa presha unajitokeza kwenye foleni baada ya safari na asubuhi hauonekani.

Sasa fanya hivi. Anza na vile ambavyo havina gharama.

Washa swichi ya funguo bila kupiga stata, taa ya birika lazima iwake. Isipowaka ujue kuna kitu kimekatwa, na kwa wanaonunua magari mkononi naomba mlishike hili, wapo wanaochomoa waya au wanatoa balbu ili ikupite. Kisha chomoa ule waya kwenye swichi, taa izime. Ikiendelea kuwaka wakati waya umechomolewa, basi swichi haina kosa hata kidogo, waya umechubuka mahali unagusa bodi, fuatilia ulipopita karibu na vyuma vya moto. Ukigusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini taa iwake tena. Hapo umeshajua waya na dashibodi ni wazima, imebaki swichi na presha. Kwa multimita (kipima umeme), injini imezimwa, kati ya pini ya swichi na bodi panatakiwa kuwa na mguso, ukiwasha injini mguso upotee. Angalia pia kama plagi ya huo waya wa swichi ina oili ndani, kiwambo kikipasuka oili inapanda inatokea kwenye pini na inavuja chini, nimeona mtu anashushiwa gia boksi kutafuta seal ya nyuma ya krenki kumbe ni swichi tu inadondosha.

Ila kwa dalili zako, inawaka ya moto tu na inafuata resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, mimi sina wasiwasi sana na waya. Waya mbovu haujui injini ina moto au baridi, unawasha taa ukipita tuta au mvua ikinyesha.

Kwa hiyo geji. Mwambie fundi afungue swichi injini ikiwa ya baridi, soketi ndefu, usimruhusu atumie praiza au aiparamie kwa patasi. Tundu ni nati, yaani meno ya kufungia, ya inchi 1/8, lakini hapa wengi wanaharibu: Toyota wanatumia nati ya kijapani, ya kibritishi tuseme, yenye meno 28 kwa inchi, na geji nyingi za boksi zinazouzwa zinakuja na adapta ya kimarekani yenye meno 27. Kwa macho zinafanana kabisa, na inaingia mizunguko miwili mitatu ya mwanzo vizuri tu, halafu inakaza, fundi anadhani ndio imefika anaongeza nguvu, na pale ni aluminiamu, inapasuka au meno yanakwenda. Aangalie adapta iliyoandikwa BSPT au PT. Ikiwa inaingia kwa mkono laini mizunguko kadhaa ndio sahihi. Mpira wa geji aufunge mbali na ekzosi na feni, oili ya moto ikimwagika kwenye ekzosi inawaka moto.

Geji ikishafungwa muwashe gari ikiwa bado ya baridi mkiwa mnaangalia mshale. Ya baridi itapanda juu, 40, 50 au zaidi, usifurahie hiyo. Iacheni ipate moto vizuri, feni ya rejeta iwake na kukata mara mbili, halafu muongeze dakika nyingine kumi na tano maana maji yanapata moto mapema kuliko oili. Andika presha ya sailensi. Halafu mtu apandishe resi mpaka 3,000 aishikilie hapo dakika nzima, sio kupiga na kuachia, dakika nzima. Andika na hiyo. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila resi 1,000, sio sheria ya kitabu lakini imenisaidia miaka yote. Sailensi ya moto ikiwa 10 kwenda juu na kwenye 3,000 ikawa 30 na kitu mpaka 60, injini yako ni nzima, dada yangu, na tatizo lilikua swichi kweli. Ikiwa 5 au chini na mshale unatetemeka, zima hapohapo.

Na mshale unavyotembea una maneno yake. Ukiona ya sailensi iko chini, ukipandisha resi inapanda kwa mpangilio lakini yote kwa ujumla imelegea, hapo mara nyingi ni nafasi zimeongezeka, beringi za krenki na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zimelika, au pampu imechoka, au oili ni nyepesi kupita kiasi. Lakini ukiona resi 3,000 inaanza vizuri, 40 mfano, halafu ndani ya hiyo dakika inashuka 30, 20, inacheza, hiyo ni pampu inakosa oili ya kuvuta, chujio lake huko chini kwenye sampo limeziba. Ndio maana nikasema mshikilie resi.

Hapa ndio nirudi kwenye ile sentensi uliyoiweka mwishoni kama kitu kidogo, kwamba miezi miwili nyuma walifungua sampo. Dada yangu, mimi ningeanzia hapo. Sampo hii haina gaskiti ya karatasi, inafungwa kwa silikoni, na fundi asiyejua anaweka silikoni nene kama anaziba bomba la maji. Ukikaza bolti ile iliyozidi inatokea pande mbili, ya nje unaiona unaifuta, ya ndani huioni, inaning'inia mle, ikikauka na kulowa oili ya moto inakatika vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu. Nimeshafungua injini mimi mwenyewe nikakuta chujio limevaa silikoni nyekundu robo tatu yake, gari ilikua Probox, mwenye nayo alishabadilishiwa swichi mbili kabla hajaja kwangu. Tulisafisha chujio, tukafunga sampo kwa uzi mwembamba wa silikoni, presha ya sailensi ikapanda na mpaka leo inafanya kazi. Lakini kabla yake nilishapata mwenye bahati mbaya, dalili hizohizo, akaambiwa ni sensa akaendesha na taa inawaka kutoka Chalinze, hakufika Kibaha, konrodi ilishika kwenye krenki na kutoboa bloku. Zote mbili chanzo kinafanana, tofauti ni nani alisimama. Hiyo inaniuma mpaka leo maana sampo unaifungua asubuhi na mchana gari inatembea.

Dalili moja ya chujio kuziba unaweza kuiangalia mwenyewe: taa ikianza kuwaka, zima gari, kaa dakika kumi, washa. Ikiwa inakaa vizuri muda kidogo kabla ya kurudi, vile vipande vinakua vimedondoka kutoka kwenye chujio pampu ilipoacha kuvuta, halafu vinavutwa tena. Sio uthibitisho, maana oili nayo inapoa kidogo, lakini ukijumlisha na historia ya sampo mimi ningemwaga oili na kufungua bila kusubiri sana.

Wakati mnamwaga, chukueni ile oili filta iliyotoka, ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga wa jua. Ukiona vumbi linalong'aa, la rangi ya fedha au ya shaba, beringi zinaliwa na yule fundi wa tatu atakua na hoja, ingawa bado inaweza kuwa kazi ya kubadili beringi na sio injini nzima kama krenki haijachimbika. Ikiwa safi ni ya kutia moyo sana. Nusa na dipstiki pia, ikinuka petroli ujue oili inachanganyika na mafuta, labda kuna plagi haichomi au noozeli inavuja, na oili ya namna hiyo inakua maji, hakuna swichi itakayokupa amani.

Ukikuta presha ni nzuri na kweli swichi ndio mbovu, nunua nzuri. Namba za Toyota za swichi hii zinaanzia na 83530, nenda na ya zamani mkononi mkaifananishe, Gerezani pale Kariakoo wapo wanaouza orijino na wapo wanaouza zilizofungwa kwenye boksi la kufanana, bei ikishakua ya ajabu acha. Kwenye kufunga, asizungushe tepi nyeupe ya bomba. Swichi hii ya waya mmoja inapata erthi kupitia nati zake, ukiifunika tepi nyingi haigusi bodi, na hapo taa haitawaka tena hata siku oili ikiisha kabisa, nawe utafurahi kwamba umepona. Halafu vipande vya tepi vinaingia kwenye njia za oili. Apake gundi ya nati kidogo kwenye meno mawili matatu, aache ncha wazi, akaze kwa kiasi, ni Nm 15 tu, nguvu ya kifundo cha mkono na sio ya bega, na gari isiwashwe kwa saa moja gundi ishike. Akimaliza funguo iwashwe, taa iwake, injini iwashwe, taa izime ndani ya sekunde mbili tatu.

Kuhusu oili. Kuna mtu atakwambia weka nzito, 20W-50, taa itapotea. Ni kweli inaweza kupotea, ndio ubaya wake. Oili nzito inapandisha presha kwenye geji kwa sababu inapita kwa shida, wakati chujio limeziba inavutwa kwa shida zaidi, na asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Injini hii iliundwa kwa oili nyepesi, 5W-30 ndio yake, ikishatembea sana na kwa joto la huku sina ugomvi na 10W-40 nzuri baada ya presha kupimwa. Kubadili unene wa oili ili taa izime kabla ya kupima, hapana. Ikimwagwa na filta kubadilishwa inaingia lita 3.7 hivi, mafundi wengi wanamimina galoni nzima ya lita 4 sababu ipo, soma dipstiki. Filta nayo isiwe ya bei ya chee, zile zisizo na valvu ya kuzuia oili kurudi chini zinafanya taa ichelewe kuzima kila asubuhi na injini inagonga sekunde kadhaa.

Hili la injini ya mtumba liache kabisa mpaka namba ziwepo. Injini ya mtumba nayo huijui presha yake, na ukiinunua bila kupima unaweza kuhamisha ugonjwa huohuo kwenye gari lako, tena na sampo iliyopakwa silikoni na mtu mwingine.

Ukipima niandikie namba nne: presha ya baridi, ya sailensi ya moto, na ya 3,000 mwanzo wa dakika na mwisho wa dakika. Na kama unaweza piga picha chujio na karatasi ya filta kabla hawajaviosha, waambie mapema maana wanaosha haraka sana.